Mawe ya Redio ya Emerensiana

Siku hizi redio ikikohoa mara mbili inatupwa jalalani na mwenyewe anasahau hata rangi yake, lakini miaka ile ya vijiji redio ikinyamaza pale Kiranjeranje watu waliijia kama wanavyomjia mgonjwa, wakaketi mkekani na kuuliza imeamkaje.

Aliyekuwa akiulizwa ni Kondo. Hakuwa fundi. Alikuwa mkulima wa korosho na mihogo, Mmwera mrefu mwenye mabega ya kubebea magunia, na shule yake ilikomea pale alipojua kusoma. Lakini kitu chochote kilichofungwa kwa parafujo kilimnyima raha. Akiona tochi, sharti ajue ndani mna nini. Akiona saa mkononi mwa mtu, vidole vinamwasha. Mwaka wa sabini na nne, lori la operesheni ya vijiji lilipokuja kuwatoa kwenye mashamba ya baba zao na kuwapanga kwenye safu za nyumba kando ya barabara, kila mtu alipakia alichokiona cha thamani: kinu, kitanda, kuku. Kondo alipakia kasha la vyuma chakavu. Mkewe, Mboni, ndiye aliyerudi kwa miguu kukifuata kinu.

Ndani ya kasha lile mlikuwa na nyaya za kila rangi, vipaza sauti vilivyotoboka, na msumari mnene aliouchomeka kwenye gunzi la mhindi ukapata mpini. Msumari ule ndio uliokuwa karakana yake. Aliuweka kwenye makaa mpaka ukawa mwekundu, akaugusisha kwenye punje ya sandarusi, utomvu mkavu wa miti aliouokota msituni, moshi wake mtamu ukapanda, kisha akayeyushia risasi ya kulehemu. Wazee wetu waliichimba sandarusi ile wakaiuza ng'ambo kwa miaka na miaka. Leo ukimwonyesha kijana wa hapahapa atakuuliza ni plastiki gani.

Kondo hakuishia kutengeneza vilivyoharibika. Ugonjwa wake mkubwa ulikuwa kuongeza. Kitu kizima kilimuudhi kama hakijaongezwa kitu. Redio yake mwenyewe, ganda lake lilipopasuka, aliihamishia ndani ya chungu ili sauti iwe nzito, ikawa inatangaza kama mtu aliyetumbukia kisimani. Mwisho aliitoa viungo kimoja kimoja ili kuponya redio za wenzake, mpaka kikabaki chungu, na Mboni akakirudisha jikoni.

Nyumba ya pili kutoka kwake waliishi Modesti na mkewe, Emerensiana. Hao walikuwa Wamakonde wa ng'ambo ya mto Ruvuma, waliovuka wakikimbia vita vya Mreno, wakafanya kazi ya mkonge huko Lindi, halafu operesheni ikawakokota na wao. Kwa mshahara wa mkonge Modesti alinunua redio ya mkononi yenye ngozi ya kahawia. Emerensiana ndiye aliyeitunza. Aliifunika kanga kama mtoto mchanga.

Kondo na Modesti walikuwa watani, na utani wa siku zile haukuwa wa maneno matupu. Mtani alikuwa na ruhusa ya kubeba kitu chako mchana kweupe, nawe ukinuna ndiye unayechekwa na kijiji kizima. Kondo aliwahi kubeba kiti cha Modesti katikati ya watu, Modesti amekalia nusu. Leo ukimbebea jirani hata kuku, utalala kituoni.

Novemba ya mwaka uleule vita vya ng'ambo ya mto vilikuwa vimekwisha. Watu walishangilia, lakini Emerensiana hakushangilia. Kaka yake, Severini, alikuwa amekwenda msituni na wapiganaji tangu vita vilipoanza, na tangu hapo hakuna aliyejua kama yu hai. Alhamisi moja akapita Dionis, mkatekista aliyekuwa akitoka Nyangamara kwa baiskeli, akamwambia maneno aliyoyapata kwa watu wa mpakani: Jumamosi, baada ya magharibi, wapigania uhuru watatuma salamu redioni kwa ndugu zao waliotawanyika. Inasemekana yumo mmoja anaitwa Severini.

"Kina Severini wako wengi, mwanangu," Dionis alimwambia. "Sikiliza kwanza, ndipo ulie au ucheke."

Tatizo lilikuwa mawe, hizo mnazoziita betri siku hizi. Redio ile ilikula mawe manne makubwa, na yaliyokuwamo yalikuwa yamekufa. Duka la ushirika halikuwa na mawe tangu mwezi uliopita. Lilikuwa na majembe na sabuni ya kipande. Kijiji kizima redio zilikuwa zimelala.

Emerensiana akaja uani kwa Kondo, amebeba redio ndani ya kanga.

"Shemeji, wewe unayefufua maiti. Nifufulie hii mpaka Jumamosi tu. Baada ya hapo hata ikifa sidai."

Kondo alisikia raha iliyomtambaa mpaka kwenye vidole. Akapita nyumba kwa nyumba kuomba mawe yaliyochoka, yale ambayo watu walikuwa wakiyaanika juani wakitumaini. Hakuna aliyemnyima. Wengine walitoa moja, wengine mawili, na bibi mmoja alitoa jiwe la tochi yake akisema giza analijua, haliogopi. Kondo akakata mwanzi, akautoboa vifundo, akayapanga mawe ndani yake kichwa kwa mkia, mengi kuliko redio ilivyozoea, ili uchovu wa haya ujaziwe na nguvu ya yale. Ncha zote mbili akazitilia karatasi za rangi ya fedha za pakiti za sigara, akatoa waya mbili mpaka kwenye redio.

"Redio yangu umeiotesha mkia," Modesti alisema, akizunguka mwanzi ule. "Mmwera akishika kitu lazima kitoke na mkia."

"Mkia huu ndio utakaokusemesha na shemeji yako. Kaa kimya."

Kabla ya kuyaingiza mawe mara ya mwisho, Ijumaa jioni, Kondo alitaka kuyapa joto. Kila mtu alijua kuwa jiwe lililochoka likiota moto huamka kidogo. Mboni alikuwa uani akichoma korosho kwenye debe lililotobolewa, moto unawaka vizuri. Mkewe alipompa mgongo, Kondo akayapanga mawe kandokando ya figa, upande wa nyuma, akaenda kutafuta waya. Aliporudi yalikuwa ya moto kwelikweli. Akayapima kwa njia yake ya siku zote: akagusisha ulimi na midomo kwenye vichwa vyake, moja baada ya jingine. Yakamchoma. Yalimchoma hata zaidi ya mawe mapya.

"Yameamka!" alimpigia kelele mkewe, aliyekuwa ameingia ndani. "Mama Likwata, haya yana nguvu ya kuendesha lori."

Akayatumbukiza kwenye mwanzi, akafunga kwa kamba ya ukindu, akaenda kulala na furaha yake.

Jumamosi mchana akafungua redio. Kimya. Hata ule mkwaruzo wa mbali haukuwapo.

Kondo hakushtuka mwanzoni. Mawe alikuwa ameyaonja mwenyewe, kwa hiyo ugonjwa uko ndani. Akafungua parafujo, akaitandaza redio juu ya mkeka. Akafuata waya moja moja. Akaona kiungo alichokitilia shaka, akakiyeyusha, akakilehemu upya. Kimya. Akakiyeyusha cha pili. Kimya. Jua likaanza kushuka nyuma ya mikorosho, na msumari ukawa unaingia kwenye makaa na kutoka, unaingia na kutoka, na kila alichokigusa kilikuwa kizima kabla hajakigusa.

Watu walianza kujaa uani, wale waliotoa mawe. Modesti alikuja akiwa na mzaha mdomoni, lakini alipoona matumbo ya redio yake mkekani mzaha ukamwishia. Akajilazimisha.

"Mtani, na huo mdomo vipi? Umeumuka kama andazi la Idi."

Kweli, midomo ya Kondo ilikuwa imevimba na ulimi umekuwa mzito. Ilikuwa ikimwasha tangu asubuhi, hakuijali.

"Umeme," Kondo alisema kwa taabu. "Mawe yana nguvu mno."

Watu wakacheka. Emerensiana hakucheka. Alikuwa amekaa kwenye kinu kilicholazwa, kanga tupu mapajani, anatazama redio iliyofunguliwa kama mtu anayetazama mlango wa hospitali. Hakulalamika hata kidogo, na hilo ndilo lililomtoa Kondo jasho. Angemtukana angalau angekuwa na kitu cha kujibu.

"Shemeji," aliuliza mwishowe, taratibu, "itasema?"

Kondo akainama asimtazame. Kwa mara ya kwanza katika maisha yake alitamani asingewahi kushika parafujo.

Hapo ndipo Mboni aliporudi kutoka kisimani. Akatua ndoo, akampita mumewe, akarudi nyuma hatua moja, akamshika kidevu mbele ya watu wote kama anavyoshikwa mbuzi wa kuuzwa.

"Baba Likwata, umelamba nini?"

"Mawe."

"Mawe gani?"

"Ya redio. Ni umeme, nimeshasema."

"Umeme gani unaotoa malengelenge? Huu ni mdomo wa mtoto aliyebangua korosho mbichi kwa meno. Hayo mawe uliyaweka wapi?"

Kondo akaligeukia debe la korosho. Kisha akasema, polepole, "Kando ya debe lako."

Mboni akaketi chini, akacheka mpaka ushungi ukamvuka. Kila mwanamke aliyekuwapo akaelewa kabla ya waume zao. Korosho zikichomwa hutema mafuta. Yanaruka na kuunguza mikono, na yakipoa juu ya kitu hugeuka gamba jeusi lisilotoka kwa maji. Yale mawe yalikuwa yamerushiwa mafuta kichwani na mkiani, yakapikwa, yakavikwa ngozi. Kilichomchoma Kondo ulimi hakikuwa umeme hata chembe.

"Yamwage hapa," Mboni aliamuru.

Mwanzi ukamwagwa. Mboni akachota majivu ya figa, yale yale wanawake waliyojipaka mikononi kabla ya kubangua, akachukua kumbi la nazi, akasugua jiwe la kwanza kama anayesugua masizi ya sufuria mpaka kichwa kikang'aa. Wanawake wengine wakainama bila kuombwa. Emerensiana aliondoka kwenye kinu, akapiga magoti, akasugua naye. Kondo akafunga parafujo kwa haraka, akiomba kimoyomoyo kwamba katika kutafuta ugonjwa usiokuwapo hakuleta mwingine.

Mawe yakarudi kwenye mwanzi. Adhana ya magharibi ilikuwa imekwisha. Kondo akazungusha kitufe.

Mkwaruzo. Kisha, mbali kama mtu wa bonde la pili, ngoma, na sauti ya mtangazaji.

Watu wakasogea karibu na mkeka. Salamu zilianza, kwa lugha mbalimbali za ng'ambo. Mmoja alisema, mwingine akasema, na Emerensiana alikuwa ameinama mpaka nywele zinagusa redio. Halafu ikaja sauti ya mwanamume, nzito, ikajikohoza kwanza, ikaanza kunena Kimakonde cha ng'ambo, kirefu, cha haraka. Kondo hakuambulia neno. Aliona tu Emerensiana akiweka mikono yote miwili kichwani, kama wanawake wanavyoiweka penye msiba.

Nimemletea kifo nyumbani, Kondo alifikiri, bora ingenyamaza.

Modesti akamgeukia, akamkamata mabega, akamtikisa mpaka akayumba.

"Mzima! Mpumbavu wewe mwenye mdomo wa andazi, ni mzima! Anamwita dada yake kwa jina la utotoni!"

"Amejikohoza!" Emerensiana alikuwa akisema, analia na kucheka, haelewi amshike nani. "Mmemsikia alivyojikohoza? Ndivyo alivyojikohoza tangu mdogo, kabla ya kusema uongo wowote! Kaka yangu huyo!"

Akamkumbatia Mboni, majivu yakawapaka wote wawili. Bibi wa tochi akapiga kigelegele. Kondo akakaa palepale mkekani, midomo inamwaka moto, na hakuwahi kusikia maumivu matamu kama yale. Redio iliendelea kusalimu watu wasiowajua mpaka mawe yakazimika yenyewe, na hakuna aliyedai jiwe lake.

Kuanzia usiku ule Kondo hakuonja tena jiwe la redio. Alipima kwa balbu ya tochi, na kila alipoitoa, Mboni alimuuliza kama mdomo umechoka.

Mwaka uliofuata, nchi ya ng'ambo ilipopata uhuru wake, Modesti na Emerensiana wakafunga mizigo. Lori la kusini lilisimama barabarani asubuhi, watu wakaja kuwaaga. Modesti alikuwa mnyonge siku ile, alimpa Kondo mkono na hakutania hata neno, mpaka Kondo akaona uchungu kuliko angetukanwa. Modesti aliingia uani kwa Kondo mara moja, akasema amesahau kunywa maji, akatoka, akapanda.

Lori likatiwa moto. Emerensiana alikaa juu ya magunia, redio mapajani ndani ya kanga, mwanzi umefungwa ubavuni kwa ukindu uleule, kwa sababu alikataa katakata usiondolewe. Akapunga mkono. Modesti akasimama nyuma yake, akaingiza mkono ndani ya koti, akainua juu kitu cha chuma chenye mpini wa gunzi.

Kondo akautambua msumari wake.

"Mwizi!" alipiga kelele, akikimbilia lori, huku kijiji kizima kinacheka na yeye mwenyewe anacheka, macho yamejaa. "Mwizi we! Nitaufuata huko huko!"

"Ufuate!" Modesti akajibu kutoka katikati ya vumbi, akiuzungusha msumari juu ya kichwa cha mkewe. "Njoo na mdomo wako!"

Lori likapinda penye mikorosho. Kwa kitambo bado aliuona mkono wa Modesti na msumari ule, na kanga ya Emerensiana ikipepea pembeni ya mwanzi, kisha likabaki vumbi tu.