Binti Mfalme Asiyeimba

Eluned Prosser hakuwahi kuimba hata ubeti mmoja redioni, lakini kwao Scranton, mji wa wachimba makaa, wote walimjua kwa uimbaji wake.

Kila Jumatatu jioni studio moja ya New York ilirusha redioni opereta, mchezo wa nyimbo na maneno, iliyofupishwa itoshe saa moja. Mhusika mkuu, kwa kawaida binti mfalme, aliimbwa na Adela Marchetti, Mwitaliano. Kiingereza chake kilikuwa kizito, hivyo maneno ya kusemwa alipewa Eluned. Walisimama mbele ya maikrofoni moja, huyu akirudi nyuma ili mwenzake asogee. Kampuni ya sabuni iliyodhamini kipindi ilitaka binti mfalme mmoja tu, mwenye jina jepesi. Hewani likatajwa la Eluned peke yake.

Baba yake, mzee Gomer, ambaye vumbi la mgodi lilikuwa limemmaliza kifua, alimwandikia: “Mwanangu, jana umeniliza. Utotoni kwaya ilikwambia ufungue mdomo tu usitoe sauti. Kumbe New York wamekufunza!”

Eluned alikusudia kumweleza ukweli. Akaahirisha, na miaka mitatu ikapita.

Mama yake alipotimiza mwaka kaburini, Gomer alimwita aje aimbe katika kanisa lao la Wawelisi, wahamiaji kutoka Wales. Akashindwa kukataa, akaenda. Kanisa lilifurika, hata wa makanisa mengine walikuja. Gomer alikaa mbele, kola mpya shingoni.

Kinanda kikaanza. Zamu ya Eluned kuingia ikapita. Mpigaji akaanza upya.

“Samahani, acha,” Eluned akasema. “Jamani, mimi siimbi. Anayeimba ni dada mmoja anaitwa Adela Marchetti. Mimi nasema tu.”

“Ala!” akamaka Bi Beddoe, jirani yao. “Miaka mitatu yote tunamlilia Mwitaliano?”

Wengine wakacheka. Gomer hakucheka.

Nyumbani alikaa na kofia kichwani, chai ikapoa mbele yake. “Kwa nini hukuniambia?”

“Ulifurahi mno, baba. Nikaona haya.”

“Haya imenivaa mimi leo. Mbele ya watu niliochimba nao.”

Eluned alirudi New York kwa treni ya asubuhi, akaenda moja kwa moja kwa msimamizi wa kipindi.

“Mtaje na Adela, bwana.”

“Sabuni haiuzwi kwa maelezo marefu, bibie. Kama umechoka, wapo wengi wanaoitaka nafasi yako.”

Adela alipopata habari, hakumshukuru. “Kwa hiyo kanisa zima linalijua jina langu,” alisema, “nami nililazimika kungoja mpaka wewe uaibike?” Jumatatu iliyofuata wakasimama tena mbele ya maikrofoni ileile, wasitazamane.

Barua za Eluned kwa baba yake hazikujibiwa hadi Agosti, ilipokuja moja fupi: “Bado nasikiliza. Wakianza kuimba, napunguza sauti. Ukianza kusema, naongeza.”

Aliisoma mara nyingi ukumbini mwa studio. Hakujua kama baba amemsamehe, au ndiyo kwanza ameanza kumwadhibu.