Yaani ya Hizam Muqbil

Kwa miaka ishirini na sita Hizam Muqbil alikaa mbele ya mahakama ya Kreta, mtaa wa mji wa Aden, nyuma ya sanduku la chai lililogeuzwa meza, akiwaandikia watu barua za serikali. Barua zake zilikuwa na kichwa na mkia visivyobadilika. Kichwani mwombaji alijitupa miguuni pa Mheshimiwa, mkiani akawa mtumwa wake mtiifu. Katikati palibaki nafasi ndogo ya shida yenyewe, na Hizam aliikunjakunja mpaka ikaenea, hata kama mwenyewe amekuja na shida ya kujaza lori.

Fahari yake ilikuwa neno moja: yaani. Alijifunza mapema kwamba makarani wa serikali hurudisha barua wasiyoielewa, na kwamba kwa kawaida hawaelewi kitu. Kwa hiyo kila jambo alilotaja alilifunga kwa yaani yake. Duka, yaani chumba kimoja chenye mlango wa barabarani. Mke, yaani aliyeolewa kwa hati ya kadhi. Mbuzi, yaani jike, mweusi, asiye na sikio la kushoto. Barua za Hizam hazikurudishwa. Waandishi wenzake pale barazani walimwita Baba Yaani, naye alijifanya kuchukia.

Yeye mwenyewe hakuzaliwa Aden. Alizaliwa Hujariya, kule milimani, nje ya mipaka ya Mwingereza, akateremka na mjomba wake juu ya punda akiwa na miaka saba. Watu wa namna hiyo mjini wanaitwa jabali, mtu wa mlima, na neno lenyewe hutamkwa pua ikiwa imekunjwa. Lakini Hizam alikuwa amekwisha kusahau. Alioa msichana wa hapo hapo Kreta, Taqiyya binti Farea, akala samaki kila siku, akanywa chai ya maziwa na hamri kila asubuhi, na akipita jabali mgeni mwenye vumbi miguuni, Hizam naye alikunja pua pamoja na wengine.

Wakati wa vita, kadi ya chakula ilitolewa kwa mzaliwa tu. Majabali wakajaa mbele ya sanduku la chai. Hizam aliwahurumia, akawaandikia viapo: fulani bin fulani, mzaliwa wa Aden, yaani ndani ya mipaka ya koloni. Ndivyo alivyozaliwa Saif Thabit, muuza chai wa mahakamani, ambaye alifika mjini akiwa na miaka kumi na tisa na sharubu zake kamili. Alizaliwa upya Jumanne moja kabla ya adhuhuri, kwa kalamu. Hizam mwenyewe hakujiandikia kiapo. Alikuwa akila kwa kadi ya wakwe zake, na mtu aliyeshiba haandiki maombi.

Sasa, koloni lilikuwa na Baraza la Kutunga Sheria. Wajumbe wake waliteuliwa na Gavana kwa sababu hukubali kila kitu, nao walikubali kila kitu ili wateuliwe tena. Sheikh Abdulbari Basahl, mfanyabiashara wa ngozi, alingoja uteuzi huo miaka miwili, akatuma na zawadi za asali. Uteuzi ulipomwendea mwingine, Sheikh alizinduka ghafla akatambua kwamba kuteua watu ni dhuluma, na kwamba wananchi lazima wachague wajumbe wao wenyewe. Akaunda kamati. Na kamati ikamhitaji mwandishi, akaitwa Baba Yaani.

Kamati ilikutana chumba cha juu nyumbani kwa Sheikh, kila Alhamisi alasiri, na mafungu ya mirungi. Alhamisi tatu nzima zilikwenda katika neno moja.

"Tuandike tunadai," alisema mjumbe mmoja, mwenye duka la vitambaa. "Haki haiombwi."

"Wewe umepanga nyumba ya serikali, bwana," Sheikh alimjibu. "Dai uone utakakolala."

"Basi tuandike tunaomba."

"Tukiomba watatuona ombaomba."

Shavu la kila mmoja lilikuwa limevimba kwa mirungi, na ushujaa nao ulivimba mpaka magharibi, kisha ukanywea. Hizam alisikiliza kwa adabu, akakohoa, akasema: "Mabwana, tuandike tunatarajia kwa unyenyekevu. Anayetarajia hakudai, wala hakuomba."

Walimtazama kama mtu aliyewatolea mwiba. Sheikh akamsogezea fungu lake mwenyewe la mirungi, heshima ambayo hata mkwewe hakuwahi kuipata.

Siku hiyo Hizam alirudi nyumbani amejaa maneno. "Binti Farea," alimwambia mkewe, aliyekuwa anapaa samaki uani, "mambo haya yakipita, jina langu litabandikwa ukutani kwenye orodha. Hizam Muqbil, mpiga kura. Gavana atanihesabu."

"Hivi sasa hakuhesabu?"

"Sasa hivi mimi ni mkono tu unaoandika mambo ya watu. Nataka mara moja niandikwe mimi."

Taqiyya aliinua macho kutoka kwa samaki. Alimjua mumewe, na alisikia kwamba hapo hapakuwa na mzaha. "Inshallah, Baba Samira," alisema, na hakumtania tena siku hiyo.

Hizam akaketi kuinakili barua kwa Kiarabu na kwa Kiingereza. Yote yalikwenda vizuri mpaka alipofika kwenye sentensi kubwa, ile iliyosema kwamba wenyeji wa Aden wachague wajumbe wao. Hapo kalamu ikagoma. Wenyeji. Wenyeji gani? Neno limesimama uchi katikati ya ukurasa, na karani yeyote angelirudisha. Kamati ilikuwa haikusema lolote, lakini kamati ilikuwa haijui kazi. Hizam akachovya kalamu, akalivika neno nguo: wenyeji, yaani wanaume waliozaliwa ndani ya mipaka ya koloni. Akapuliza wino ukakauka, akajisikia vizuri kabisa.

Alhamisi iliyofuata aliwasomea. Nusu yao walikuwa wanabishana juu ya bei ya ngozi. Sheikh peke yake aliinua kidole. "Hiyo yaani yako," alisema, "imenikaa." Wakatia sahihi.

Jibu lilichukua miezi kumi na minne, kwa maana serikali hufikiri polepole ili ionekane inafikiri. Mheshimiwa alishukuru sana. Baraza zima la kuchaguliwa, hapana. Nusu ya baraza, bado mapema. Viti vinne kati ya kumi na vinane, ndiyo, kwa majaribio. Na kuhusu nani atapiga kura, serikali ilifurahishwa na busara ya waombaji wenyewe, waliopendekeza kwa ufasaha kuwa wawe wanaume waliozaliwa ndani ya mipaka ya koloni. Sentensi ilirudi nzima, hata koma yake.

Katika barua yote ya kurasa sita, hiyo ndiyo sentensi pekee waliyokubaliwa bila kupunguziwa.

Hizam alikata kipande hicho kwenye gazeti lililochapa jibu hilo, akakiweka ndani ya msahafu. Sentensi yake imekuwa sheria! Siku tisa alitembea mabega juu. Alinunua koti la kaki lililotumika mara moja tu, na mwenye nalo akafa, akalipiga pasi yeye mwenyewe, kwa ajili ya siku ya kuandikishwa. Kwamba sheria hiyo inaweza kumhusu yeye, wazo hilo halikumpitia. Alikuwa amewaandikia wengine maneno hayo mara nyingi mno hata akayasikia kama bismillahi, kitu cha kuanzia tu.

Uandikishaji ulifanyika kwenye darasa moja la shule. Foleni ilitoka mpaka barabarani. Mbele ya Hizam alisimama Saif Thabit na sinia lake la chai, kwa kuwa Saif hakuona sababu ya kupoteza wateja kwa ajili ya haki. Karani alikuwa Fikri Jaafar, mtu wa makamo mwenye miwani, aliyesoma barua za Hizam miaka kumi na kuzisifu.

Saif akatoa kiapo chake cha wakati wa vita, kimekunjwa mara nane na kimelowa chai. Fikri akakisoma. "Mzaliwa wa Kreta. Sawa. Weka dole gumba hapa."

Saif akaweka dole, akageuka na kumkonyeza Hizam.

"Karibu, ustadhi," Fikri alisema, na akainuka nusu kwa heshima. "Jina nalijua. Umezaliwa wapi?"

Hizam alikuwa amelijibu swali hilo kwa niaba ya watu mia na zaidi, na kila mara alijibu uongo, kwa mwandiko mzuri. Lakini ilikuwa kwa kalamu. Kwa mdomo hakuwa na mazoezi. Akaulizwa, akajibu kama mtoto wa chuo cha Kurani: "Hujariya."

Foleni ikanyoosha shingo. Fikri akaketi taratibu.

"Ustadhi," alisema kwa sauti ya chini, "ungenyamaza tu, ningeandika Kreta."

"Basi andika Kreta."

"Wamesikia wote. Na hii sheria, unavyoiona..." Akafungua karatasi, akaisoma kwa kidole. "Yaani wanaume waliozaliwa ndani ya mipaka. Aliyeiandika hakuacha hata mwanya wa kupitisha sindano."

Nyuma mtu akacheka, mwingine akasema, "Kumbe Baba Yaani ni jabali." Pua zilikunjwa moja baada ya nyingine. Hizam alizitambua vizuri, maana hata yeye alikuwa nayo ya namna hiyo. Aibu ilimpanda mpaka masikioni. Alivuta koti lake la kaki, akatoka bila kuaga.

Saif akamkimbilia na sinia. "Mimi nitakuapia! Nitaapa nilikuona unazaliwa, nyumba ya tatu kutoka matangi ya maji."

"Nimekuzidi miaka kumi na miwili, Saif."

"Basi nitasema nilisikia habari zake."

Hizam hakucheka. Alikwenda moja kwa moja kwa Sheikh Abdulbari, ambaye sasa alikuwa mgombea na picha yake imebandikwa kila kona, hadi kwenye mlango wa choo cha soko. Neno moja tu la Sheikh kwa Gavana lingetosha. Sheikh alimkaribisha kwa mikono miwili, akamwagizia chai, akamsikiliza akitikisa kichwa kwa huzuni ya kweli kabisa.

"Hizam ndugu yangu, wewe ni mtu wetu," alisema. "Lakini nikikuombea wewe, kesho wanakuja majabali elfu ishirini. Wapagazi, wachukuzi wa makaa, wote wale. Watampigia nani? Si mimi." Akamshika goti. "Na tena, tutaiambiaje serikali? Barua yetu wenyewe imesema. Nami nilitia sahihi. Ile sentensi ndiyo iliyotupa viti, wallahi. Sijui nani kati yetu aliifikiria, ila Mungu amlipe."

"Mimi," alisema Hizam.

"Basi Mungu akulipe," alisema Sheikh, akamsindikiza mpaka mlangoni.

Siku ya orodha kubandikwa, Hizam alikwenda ukutani mapema, akaisoma yote. Alikuta majina arobaini na matatu ya watu aliowazaa kwa mkono wake. Mmoja aliandikwa kuwa alizaliwa mwaka ule ule ambao Hizam alimpokea kituo cha magari ya mlimani, akiwa na mbuzi. Lake halikuwemo. Alianza kusoma tena kutoka juu, ingawa alijua.

Mchana Saif alimletea chai asiyoiagiza. "Wewe ndiye mama yangu, ustadhi, umenizaa kwa kalamu," alisema. "Kura hii ni yako. Niambie tu nimpigie nani."

"Mpigie umtakaye. Ni yako."

"Mimi sijui kusoma."

"Wala serikali haijui," alisema Hizam, na akaisukuma chai pembeni.

Alirudi nyumbani kabla ya wakati, jambo ambalo alilifanya mara ya mwisho mamake alipofariki. Taqiyya alikuwa uani anapepeta mchele. Akamsimulia yote, hadi pua zilizokunjwa kwenye foleni. Taqiyya akauweka chini ungo.

"Nisomee hiyo sentensi," alisema.

Akautoa msahafu, akamsomea.

"Mimi nimezaliwa ndani ya mipaka," alisema Taqiyya. "Chumba kile pale. Mama yangu pia. Bibi yangu pia."

"Najua."

"Sasa hapo pameandikwa wanaume. Ni Sheikh aliyekwambia uandike wanaume?"

"Hapana."

"Gavana?"

"Hapana."

"Nani?"

Hizam aliangalia kucha zake zenye wino. "Ndivyo inavyoandikwa," alisema.

Taqiyya alimtazama kwa hasira na kwa huruma, na hakuficha hata moja. Kisha akacheka, kicheko kifupi kisichokuwa na raha.

"Baba Samira, chukua kuzaliwa kwangu, chukua na ndevu zako, humu ndani anapatikana mpiga kura mmoja mzima. Tulikuwa nusu mbili bila kujijua, mpaka ulipoandika."

Taqiyya alikwenda chumbani, akarudi na karatasi, kalamu, wino na sanduku dogo la kuandikia, akaviweka mbele yake kama anavyomwekea chakula.

"Andika. Mimi, Taqiyya binti Farea, mzaliwa wa Aden."

Hizam akachovya kalamu, akaandika. Alipofika kwenye mzaliwa wa Aden alisimama, akayasoma tena maneno aliyoyaandika mara mia kwa ajili ya watu wa mlimani, na mara hii hapakuwa na uongo.

"Sasa?" aliuliza. "Naomba? Natarajia kwa unyenyekevu?"

"Nataka," alisema Taqiyya, akirudia ungo wake. "Nataka kura. Na ya mume wangu pia, aliyekaa hapa tangu ana miaka saba."

Hizam akaandika. Kalamu ikabaki juu ya neno mume, ikisita, wino unakusanyika nchani.

"Usithubutu kutia yaani," alisema mkewe, bila kugeuka.

Akaweka nukta.