Jina la Mama Hadija kwenye kila ombi

Admin, jina langu lifiche, na la huyu mama nimelibadilisha. Mimi ni kijana wa kiume, miaka ishirini na nane, mzaliwa wa Singida, fundi wa kompyuta hapa Morogoro mjini. Sijaoa. Nina mwezi mzima sili vizuri, na aliyegundua kwamba sili ni yule yule niliyemkosea.

Kampuni yetu inasimamia wakulima wa miwa. Zamani ilikuwa shirika la umma, sasa ina mwekezaji. Shamba la miwa huchomwa kwanza ndipo likatwe, na halichomwi bila kibali cha kiwandani. Kibali kilikuwa karatasi inayosafiri kwa pikipiki. Mwekezaji akataka mtandao, nikapewa kazi ya kutengeneza programu ya ofisini kwetu inayoomba vibali kwenye kompyuta kuu ya kiwanda. Kila ombi kabla halijatoka linapita kwenye kipande cha usalama, kama mlinzi wa geti: kinaweka jina la mtumaji na neno lake la siri, ndipo kiwanda kinaitika.

Hapo ndipo nilipoharibu. Wakati wa majaribio kiwanda kilikuwa kimeidhinisha jina moja tu, la Mama Hadija. Huyu ni Mluguru wa Matombo, karani tangu enzi za shirika. Wenzake wengi walipunguzwa, yeye akabaki kwa sababu alikubali kujifunza kompyuta ukubwani. Nilipofika mjini sina ndugu, ndiye aliyenipa chumba kwake Mafiga, na mpaka leo nakula mezani kwake. Nilimwomba neno lake la siri akanitajia hapo hapo, hata hakuuliza la nini. Nikaliweka kwenye mipangilio ya kile kipande, nikijiambia nitalitoa tukianza kazi rasmi, kila mtu awe na lake. Siku ikafika, bosi akauliza kama inafanya kazi. Nikasema inafanya. Akasema basi usiguse. Na mimi kwa uvivu wangu sikugusa.

Kwa hiyo makarani wanne na msimamizi wao wote walikuwa wanaomba vibali, na kiwandani linaonekana jina moja.

Mwezi uliopita kikaombwa kibali cha shamba ambalo halikuwa tayari. Kikosi cha kuchoma kikaenda, miwa ya mzee mmoja ikateketezwa ikiwa bado michanga, kiwanda kikaikataa. Msimu wake umeishia hapo. Kiwanda kilipoulizwa kikajibu kwamba ombi lilitumwa na Mama Hadija. Akasimamishwa kazi siku hiyo hiyo.

Nilifungua kumbukumbu za mashine zetu. Ombi lile lilitoka kwenye kompyuta ya msimamizi. Nikamfuata ofisini kwake, nikafunga mlango, nikamweleza nilichokiona. Hakukasirika hata kidogo, na hilo ndilo lililonitisha.

"Kijana, jina la yule mama uliliweka wewe, mimi sikukutuma," akasema. "Tukianza kufukua, tunaanzia kwako. Andika ripoti kwamba mfumo hauna tatizo, yaishe."

Mnaiona hali yangu? Nikisema ukweli, kazi sina, na nani ataajiri fundi aliyefanya neno la siri la mtu kuwa la ofisi nzima? Nikinyamaza, mama wa watu anafukuzwa akiwa amebakiza miaka miwili astaafu. Nikihama nyumbani kwake ataniuliza amenikosea nini. Kila upande nikigeuka kuna ukuta, na ukuta wenyewe nimeujenga mimi. Ripoti inatakiwa Jumatatu.

Kinachoniua zaidi ni kwamba hajitetei. Nilitegemea atabisha, apige kelele, angalau nipate pa kushikia. Juzi nilimwamkia akipepeta mchele, akaitikia marahaba, halafu akasema bila kuniangalia, "Labda ni mimi kweli, mwanangu. Macho yangu haya, huenda nilibonyeza bila kujua."

Tulikuwa wawili tu. Mdomo ulikuwa wazi kabisa kusema. Nikamwambia apumzike, asiwaze sana. Najichukia kwa hilo kuliko kwa yote.

Jana ameniomba nimchapie barua ya kuomba radhi, kwa uongozi na kwa yule mzee aliyeunguliwa. Nikaichapa, neno kwa neno kama alivyonitajia. Akaisoma mara mbili, akasema nimejua kumsemea, Mungu anibariki. Akaweka sahihi yake, akanikabidhi niipeleke mimi, kwa kuwa yeye haruhusiwi tena kuingia ofisini.

Ninayo hapa mkononi. Ndugu zangu, nitukaneni mkitaka, nastahili, lakini mkimaliza kunitukana mniambie: Jumatatu niingie pale na karatasi ipi?