Mayai ya Wageni

Juzi hapa Mlandege, Iringa, nilifuatana na dada anayefundisha akina mama lishe hadi kwa mama mmoja mwenye mtoto mdogo, mwembamba wa kutia huruma. Dada alieleza vizuri, mkono begani kwa mama:

"Uji mtupu hautoshi. Kuku akitaga, yai ni la mtoto."

Mama alitikisa kichwa kukubali, akaingia jikoni. Akarudi na mayai mawili ya kuchemsha, akapiga magoti na kutuwekea mbele.

"Karibuni, wageni."

Dada akanitazama, kisha akamgeukia mama. "Mama, si ndiyo haya tuliyokuwa tunayazungumzia?"

"Ndiyo haya, mwalimu. Lakini mje kwangu mara ya kwanza, mtoke hivihivi? Watu watanionaje?"

Mtoto alikuwa ameshika kanga ya mama, macho kwenye sahani. Dada akamnyooshea kipande. Mama akamvuta mtoto nyuma: "Acha wageni wale."

Tungekataa, tungemvunjia heshima. Tukala.

Tangu siku hiyo sielewi tulimfundisha nani nini. Nahisi tu kwamba tusingekwenda, yule mtoto angekula yai.