Kitabu Kilichofundishwa Uongo

Asubuhi hiyo Dorika alikuta njiti ya kiberiti sakafuni, akajua ameingiliwa.

Njiti ile aliilaza mwenyewe jana yake, kati ya ukurasa wa arobaini na wa arobaini na moja wa kitabu chake cha mapishi. Kisha akakirudisha kitabu kwenye sanduku la bati, akapiga kufuli, akatundika ufunguo nyuma ya kalenda ya kanisa. Sasa kufuli lilikuwa limefungwa vizuri, ufunguo uko mahali pake, kitabu kimelala palepale juu ya vitenge. Lakini njiti ilikuwa chini ya sanduku, na njiti haina miguu. Kuna mtu aliyefungua ukurasa wa mkate. Na nyumba ile ya Itigi, hatua chache kutoka relini, ilikuwa na watu wawili tu tangu mwanawe Fredrick aondoke tena safarini na lori lake: Dorika mwenyewe, na Aneth, mke wa Fredrick.

Kikulacho ki nguoni mwako, alijisemea, akatoka uani.

Aneth alikuwa anapepea jiko la mkaa. Alipomwona mama mkwe wake akapiga goti kidogo.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Umeamka saa ngapi?"

"Saa kumi na moja na nusu, mama."

"Ukafanya nini?"

"Nimefagia, nimechota maji."

"Na chumbani kwangu?"

"Chumbani kwako nilifagia jana, mama."

Alijibu kwa adabu, macho kwenye mkaa. Adabu hiyo ndiyo iliyomtia Dorika wasiwasi. Aneth alikuwa binti wa wafuga nyuki wa Rungwa, na Dorika alikuwa na lake moyoni kuhusu hilo. Mtu aliyekua akipakua asali mzingani, nyuki wenyewe wakiwa ndani, huyo anajua kuingia mahali na kutoka pasipo mwenye nyumba kushtuka. Miaka mitatu yupo hapa, hajawahi kujibu neno kwa ukali. Nani anaishi hivyo bila kuficha kitu?

Sasa msije mkamwona bibi huyu kichaa. Kitabu chenyewe mngekijua, mngeelewa.

Alikipata mwaka wa sabini na sita, akiwa msichana wa Misigiri aliyepelekwa kujifunza maarifa ya nyumbani. Jalada lilishatoka zamani, na kurasa nane za mwanzo ziliondoka na panya, kwa hiyo hata jina lake hakuna alikumbukaye. Kinaanzia ukurasa wa tisa, kwenye namna ya kuwasha jiko. Baada ya hapo kina kila kitu: ugali na mboga za majani, maandazi, jamu ya mapapai, pilau ya watu arobaini, nyama ya kukausha, uji wa mgonjwa, kutoa doa la wino kwenye shati, kumpokea mgeni aliyefika bila taarifa. Dorika aliolewa nacho. Alikuja nacho Itigi kwa Stefano, marehemu mumewe, aliyekuwa fundi wa reli, na kwa kitabu hicho alilisha mafundi wenzake, akalea, akauguza, akazika.

Mabinti wa siku hizi wana simu, wanatazama mapishi ya video. Bado wanabisha hodi kwa Dorika kuulizia kitabu. Video inampikia mwenye oveni na umeme usiokatika. Kitabu kinamjua mtu mwenye jiko moja, sufuria mbili na wageni wanane. Kinakwambia uweke mkaa juu ya mfuniko ili mkate uive pande zote, na usipokuwa na mayai kinakwambia ufanye nini, wala hakikuoni mjinga kwa kukosa mayai.

Aliyeuharibu wema huo ni Winfrida, mama Chediel, jirani na rafiki, kama rafiki ndilo neno lake. Mwaka wa themanini na nane alikiazima kwa siku mbili, akakaa nacho wiki tatu. Kilirudi na doa la mafuta ukurasa wa arobaini na moja, kwenye mkate mtamu, pale ambapo Dorika alikuwa ameandika pembeni namna ya kutumia asali badala ya sukari. Jumapili ya mavuno ikafika. Pale kanisani kwao watu huleta walivyonavyo, na baada ya ibada vinapigwa mnada nje: kuku, mtama, maboga, mikate. Mkate wa asali wa Dorika ndio uliokuwa ukigombewa kila mwaka. Mwaka huo mzee wa kanisa aliinua mkate wa asali, watu wakashangilia, na haukuwa wa Dorika. Ulikuwa wa Winfrida. Dorika alilia kwa hasira mpaka akashikwa na kwikwi.

Kesho yake alichukua wembe na kalamu ya wino. Alikwangua namba taratibu, akazichora upya. Moja ikawa nne. Nusu ikawa mbili. Kwenye maandazi, kwenye jamu, kwenye pilau, hata kwenye maandishi yake mwenyewe ya pembeni, kila pishi zuri akalipachika uongo mmoja, ili mwizi akiiba aibe uongo. Uji wa mgonjwa hakuugusa, wala maji ya mtoto anayeharisha, kwa sababu hata roho mbaya ina mpaka wake. Vipimo vya kweli akabaki navyo kichwani.

Kuanzia hapo akawa mwepesi wa kuazimisha. Wanawake walichukua, hata Winfrida ambaye mwaka ule hakunakili kitu, wakapika, ikaharibika, wakarudisha wakisema mama Fredrick ana mkono wake, hatuuwezi. Na bado wakarudi kuazima tena, maana mengine yote yalikuwa sawa, na kila mmoja alidhani kosa ni lake. Dorika alisikiliza, akawapa pole, akafurahi peke yake. Hivyo miaka thelathini na zaidi.

Halafu Machi mwaka huu akapata kiharusi kidogo. Siku tisa hospitali, akarudi akitembea, mdomo umekaa sawa, watu wakamshukuru Mungu. Kitu kimoja tu hakurudi nacho, naye hakumwambia mtu. Vipimo vilikuwa vimeondoka. Akisimama mbele ya unga, mkono uliojua kila kitu ulining'inia tu. Aliogopa. Mwanamke aliyejulikana kwa mkono wake, mkono ukimwacha anabaki nani? Na Jumapili ya mavuno hiyo inakuja, na Winfrida ameshaanza kuuliza, kwa sauti tamu, "Mwaka huu mkate upo, mama Fredi?"

Jumanne alijaribu kwa siri, Aneth akiwa sokoni. Alifungua kitabu, akafuata. Unga uliumuka mpaka ukamwagika, kisha ukanywea, na mkate ulinuka pombe. Akawamwagia kuku. Alijua kitabu kinamdanganya, ila hakukumbuka ni wapi. Wembe ulifanya kazi nzuri mno. Alikaa kwenye kigoda akatazama namba zake mwenyewe, na hakuweza kutofautisha iliyochapwa na ya kwake.

Mficha maradhi, kifo humuumbua. Dorika aliujua msemo huo, na bado alificha.

Ndiyo maana njiti ile ilimkaa rohoni. Aneth anatafuta nini ukurasa wa mkate? Alianza kumchunguza. Akaona vidole vyake vina wino. Akaona jioni akitoka jikoni anaingia moja kwa moja chumbani kwake, anakaa kidogo, anatoka. Akasikia kitanda kikilia, kama mtu anayeinua godoro. Anaandika, akawaza. Anaandika ampe nani? Winfrida alikuja mara mbili nikiwa hospitali, nimeambiwa na majirani. Wameshaelewana hao.

Jumamosi, kesho yake ndiyo mavuno, Aneth aliaga kwenda stendi kupokea dumu la asali lililotumwa kutoka kwao. Dorika alimsindikiza kwa macho mpaka akapotelea kwenye kona. Kisha akasimama mbele ya mlango wa chumba cha Fredrick.

Hapo ndipo miguu ilipogoma. Mama haingii chumba cha mwanawe aliyeoa. Hakuna aliyemfundisha hilo kwa maneno, alizaliwa akalikuta, na mama yake mzazi angekufa njaa kuliko kulivunja. Dorika alivua kandambili mlangoni, kama vile zenyewe ndizo zenye kosa, akaingia akitazama chini asione kitanda, na akainua godoro hilohilo asilotaka kuliona.

Lilikuwa daftari la shule la kurasa tisini na sita. Kila ukurasa umegawanywa kwa mstari katikati. Kushoto imeandikwa *Kitabu*. Kulia imeandikwa *Mama*.

Maandazi. Kitabu: chumvi vijiko vitatu. Mama: kijiko kimoja, hakijai. Jamu. Kitabu: malimau sita. Mama: mawili. Pilau ya watu arobaini. Mapishi thelathini na saba, na kila uongo umekamatwa. Kwa miaka mitatu binti huyu alikuwa amesimama pembeni na adabu yake, akitazama mkono. Dorika aliwaka uso. Za mwizi arobaini, na hapo hakujua tena mwizi ni nani.

Lakini ukurasa wa mkate alikuwa ameshaufikia. Mama: hamira kijiko kimoja, asali kikombe kimoja na nusu. Akaushika moyoni, akarudisha daftari, akatoka kinyumenyume.

Alikanda upesi. Unga ulikuwa mzito, unanata, hauinuki. Alingoja, akangoja, mwisho akaupika hivyohivyo kwa sababu stendi si mbali. Alipofunua sufuria, mkate ulikuwa mweusi nje kama kifuu, na kisu kilitoka katikati kimejaa unga mbichi. Dorika alikaa chini. Hakuwa na hasira tena, alikuwa na huzuni tupu.

Aneth aliingia na dumu kichwani. Akalitua. Akatazama sufuria, akamtazama mama mkwe wake.

"Shikamoo mama."

"Marahaba."

"Mama, asali umeweka kikombe kimoja na nusu?"

Dorika aliirudishia sufuria mfuniko. Kuku walikuwa wanakwaruza uani.

"Nani kakwambia?"

"Hakuna mtu. Ila kipimo hicho kimeandikwa mahali pamoja tu duniani."

Aibu ilimshika Dorika mpaka masikio yakamwuma. "Basi mpigie mume wako," alisema. "Mwambie mama yake kaingia chumbani kwenu."

"Simpigii. Na mimi nimefungua sanduku lako." Aneth aliketi kwenye kigoda kingine, chini kidogo ya kile cha mama, kama inavyopasa. "Tangu Pasaka najua, mama. Uliniuliza kama umeshatia chumvi kwenye mboga. Tangu nije hapa hukuwahi kuniuliza kitu. Nikasema, vipimo vinaondoka, na kitabuni vya kweli havimo. Nikawa nalinganisha kimoja kimoja na nilivyoviona mkononi kwako, nisije nikakosea."

Dorika alilia. Alijifuta kwa pindo la kanga, akalia tena.

"Na mkate?" aliuliza alipoweza. "Thelathini na sita umeandika kweli. Mkate kwa nini ukauandikia uongo?"

"Mama Chediel alikuja ukiwa hospitali, anataka daftari. Nilikuwa nimeshaanza kuandika unavyopika, akaniona." Aneth alitazama mkate mweusi. "Na wewe pia nilijua iko siku utaingia. Nilisoma kitabu chako, mama, nikaona ndivyo vitabu vya nyumba hii vinavyoandikwa."

Dorika alimtazama binti huyu wa Rungwa kana kwamba ndiyo kwanza ameshuka kwenye basi. Kitu kilimpanda kutoka tumboni, akadhani ni kilio kingine, kumbe kicheko. Alicheka mpaka akashika mbavu.

"Haya," alisema, "kipimo cha kweli kimeandikwa wapi?"

"Hakijaandikwa popote." Aneth aliinuka, akachungulia juu ya ua upande wa Winfrida, akarudi, akainama sikioni. "Nusu kikombe. Na si kikombe hiki. Ni kile cha bluu chenye pengo."

Cha bluu chenye pengo. Mkono wa Dorika ulishtuka wenyewe pajani, kama mtu aliyeitwa jina. Wakakanda pamoja, Aneth akipima, Dorika akibonyeza unga kwa kidole na kusema bado, bado, sasa.

Kesho yake mzee wa kanisa aliinua mkate wa asali na watu wakaanza kuugombea. Winfrida alisogea pembeni ya Dorika, akampa mkono, akasema Mungu ni mwema. Kisha akauliza, kwa sauti tamu, siku hizi asali anaweka kiasi gani, maana umri unakwenda, vitu vizuri visipotee.

"Muulize mkwe wangu," alisema Dorika. "Mimi nimeshazeeka."

"Kikombe kimoja na nusu, mama," alijibu Aneth, kwa adabu, macho chini.

Dorika alitazama pembeni ili uso wake usimsaliti. Hakukumbuka lini alifurahi hivyo.

Waliporudi nyumbani aliutoa ufunguo nyuma ya kalenda, akampa Aneth, akamwambia kitabu sasa ni chao wote wawili. Alilisema kwa moyo wake wote. Halafu Aneth alipotoka kuwasha jiko, Dorika aliona sanduku bado liko wazi, akachukua njiti ya kiberiti, akailaza kati ya ukurasa wa arobaini na wa arobaini na moja. Mazoea yana taabu.

Asubuhi aliomba ufunguo, akafungua kitabu taratibu, akitazama chini ya sanduku kwanza. Sakafu ilikuwa safi. Njiti yake ilikuwa palepale alipoilaza, na kando yake ilikuwepo njiti nyingine.