Ubao wa Wati Sita

Baba alipozikwa Mbale, sikulia. Siku ya nne nilirudi kwangu Walukuba, Jinja, nikawasha kompyuta na kuanza kutafuta mazabodi, ule ubao wa ndani ambao kila kitu cha kompyuta huchomekwa juu yake. Majirani waliokuja kunipa pole walinikuta nasoma habari za wati.

Sababu nilikuwa nayo. Baba alikuwa mwalimu wa madrasa, na kwa miaka mingi, kila baada ya sala ya alfajiri, aliketi mbele ya kompyuta yake kuukuu akajirekodi akieleza aya moja kwa Kiswahili. Rekodi zote zilikuwa kwenye diski moja ndani ya kompyuta hiyo, na hapakuwa na nakala kwingine. Mama sasa alikuwa ndani ya eda, hatoki nyumbani, na kila asubuhi alikuwa akimsikiliza mumewe. Nikamwahidi seva ndogo, kisanduku cha kutunza sauti zile kwenye diski mbili, kiwake mchana na usiku, yeye asikilize kwa simu na sisi watoto tusikilize popote tulipo. Umeme wa pale ni wa kulipia kabla, na ukikatika ipo betri ndogo ya sola. Kwa hiyo ubao ulitakiwa utumie umeme kidogo sana.

Mjini Jinja yupo Mkenya anayeuza vipuri vya kompyuta. Alinitolea ubao mkubwa wa mashine ya ofisi, nikaukataa, unakula wati thelathini za bure. Akaleta mdogo usio na feni, prosesa imechomelewa humo humo, wati kumi, matundu manne ya diski. Halafu mwingine, wati sita, matundu mawili tu. Nilikwenda na kurudi wiki tano. Jumatatu nataka matundu manne, Alhamisi nataka wati sita. Nikauliza kama utakubali volti kumi na mbili moja kwa moja kutoka kwenye betri. Nikauliza kama utawaka wenyewe umeme ukirudi.

“Mwalimu,” akaniambia, “hii bodi unainunua ama unaichumbia?”

Sikucheka, wala sikukasirika. Siku zile hakuna kilichonigusa, hata njaa nilikuwa naisikia kwa mbali.

Mimi hufundisha kompyuta sekondari. Kila muhula nawaambia wanafunzi kwamba kitu chenye nakala moja kihesabu kimeshapotea. Na flashi nilikuwa nayo ndani ya mkoba hata siku ya mazishi. Kunakili kungenichukua jioni moja, lakini kungekwisha, na baada ya hapo ningebaki na nini cha kufanya? Kuchagua hakukuwa na mwisho.

Nikaongeza na kosa jingine. Mama alilalamika kwa simu kwamba yuniti za umeme zinakwisha upesi, nikamwambia kile tunachoambiana sote huku: ukimaliza, zima ukutani. Pasi tunazima ukutani, televisheni, hata chaja isiyo na simu. Diski kuukuu inayozunguka haikatiwi umeme ghafla namna hiyo, na katika nyumba yetu mimi ndiye niliyesomea jambo hilo. Mama akatii. Kila asubuhi, sauti ikiisha, alizima ukutani.

Hatimaye nikachukua ule wa wati sita. Niliuunga Walukuba, nikaupima, ukasoma sita kweli, na nikaona raha kwa muda wa dakika moja hivi. Jumapili nikaupeleka Mbale.

Mama alinipokea sebuleni akasema kompyuta ya baba tangu Ijumaa inagonga tu, kioo cheusi. Hakutaka kunisumbua kwa simu kwa kuwa alijua naja na mashine mpya. Nikaitoa ile diski, nikaichomeka kwenye ubao wangu. Iligonga mara tatu, ikanyamaza. Nilirudia mpaka adhuhuri. Seva yenyewe ilikuwa inawaka vizuri, kimya kabisa, na ndani yake hamna kitu.

Nikamweleza kwamba diski imekufa, kwamba ni kwa kuzimwa ukutani, na kwamba aliyemwambia azime ni mimi. Nilisema kama ninayesoma tangazo. Hakunigombeza. Alikaa kwenye mkeka, akanyoosha miguu, akavuta leso mabegani.

“Basi wewe utaniambia,” akasema. “Mimi nilikuwa nasikia sauti yake tu, maneno yananipita. Yale mambo alikuwa anaeleza, ni nini?”

Nilitafuta kichwani. Nilijua matundu, nilijua volti.

“Sijui, Mama.”

“Lakini wewe ulisikiliza.”

“Hata moja sikusikiliza,” nikamwambia. “Nilikuwa nangoja mashine.”