Moja Saba Mstarini

Dobi aliacha shule darasa la sita ili mdogo wake asome. Hakulalamika. Alipiga pasi mashuka ya hospitali, mdogo wake akawa mwalimu wa hesabu, na kila Jumamosi alimletea dada yake mashati matano na fumbo moja la namba, maana alijua anavyopenda kuhangaika nazo.

Jumamosi moja alimwandikia 1,111,111 kwenye karatasi ya sabuni.

"Dada, hii imenishinda. Nadhani ni namba tasa, haigawanyiki ila kwa moja na kwa yenyewe."

"Unadhani au unajua?"

"Nadhani."

Miaka ile kikokotoo hakikuonekana mtaani. Dobi akaigawanya kwa mbili, tatu, tano, saba, kumi na moja, kumi na tatu. Kila mara ikabaki moja, kama inamkejeli. Kwa kumi na saba ikabaki nane. Alijaribu namba tasa tu, kwani mbili ikikataa, nne haina la kusema. Wiki ya tano, jaribio la hamsini na mbili, akafika 239. Hakikubaki kitu. Jibu: 4,649.

"Wewe dada ni moto wa kuotea mbali," mwalimu alisema, akaondoka na karatasi zote akanakili.

Mwezi uliofuata mfuaji mwenzake akamwambia Dobi kuwa mwalimu anatunukiwa cheti kwenye ukumbi wa shule. Koti la mwalimu la siku hiyo alilipiga pasi Dobi mwenyewe, akiambiwa ni kikao cha kawaida. Akaenda, akakaa nyuma. Ubaoni aliona hesabu zake zimepangwa vilevile, hata kosa la kugawanya kwa thelathini na moja alilolikata na kulirudia.

"Nilihangaika wiki tano, peke yangu," mwalimu alikuwa akisema.

Mkaguzi wa shule akauliza, "Na hiyo 4,649, nayo ni tasa?"

"Itabidi nikaijaribu."

"Hakuna haja," Dobi alisema kabla hajajizuia. "Ingegawanyika, ingekuwa na kigawo kisichozidi sitini na nane. Kigawo hicho kingeigawanya pia ile namba kubwa, na vidogo vyote vilishakataa."

Mkaguzi akageuka. "Mama huyu ni nani?"

Mwalimu alijifuta chaki mikononi. "Dobi wangu," akasema.

Kikulacho ki nguoni mwako, na nguo zile alizifua mwenyewe miaka kumi na minne.

Jumamosi mwalimu alikuja na mashati. "Dada, ningewaambiaje? Wangecheka."

"Nilipojibu, kuna aliyecheka?"

Mwalimu akayapanga mashati upya.

"Namba ungeomba ningekupa, mdogo wangu. Lakini umenikana mbele za watu." Akamsogezea mashati yake machafu, akarudi kwenye pasi.

Tangu hapo waliamkiana misibani tu. Dobi aliendelea na namba hadi uzeeni, ila karatasi zake alizifungia sandukuni, na hakumwonyesha mtu tena.